Ghala la Maneno

Msomaji mwema, neno lililo mdomoni mwa mtu halina uzito wala halichukui nafasi. Lakini neno lililotiwa ndani ya kompyuta lina makao yake, na makao hayo yana mipaka. Jina lako uliandikalo katika simu, salamu umpelekeazo ndugu yako aliye mbali, na swali uliulizalo katika intaneti, yote hukaa mahali fulani katika kumbukumbu ya mashine, herufi baada ya herufi, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Waandishi wa programu huita shanga hizo mfuatano wa herufi. Katika insha hii nataka kukusimulia historia ya jambo ambalo mtumiaji wa kompyuta halioni kamwe: jinsi wanadamu walivyojifunza kuyapatia maneno hayo makao, na jinsi baadhi yao walivyotambua kwamba mara nyingi ni heri kuyaweka pamoja katika ghala moja kuliko kulijengea kila neno nyumba yake.

Usidhani kwamba habari hizi ni za mafundi peke yao. Wanafunzi wangu wa ualimu huniuliza kila mwaka kwa nini mwalimu wa historia awasumbue kwa mambo ya mashine. Mimi huwajibu kwamba historia ni habari za wanadamu waliokuwa na haja kubwa na mali chache, na kwamba akili ya mtu huonekana zaidi pale mali yake inapokuwa haitoshi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kama kuna mahali ambapo methali hii ilithibitika kweli siku baada ya siku, basi ni katika kumbukumbu ya kompyuta.

Tuanze mjini Manchester, Uingereza. Tarehe 21 Juni 1948, mashine iliyoundwa na Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill katika chuo kikuu cha mji ule iliendesha programu yake ya kwanza. Hiyo ilikuwa kompyuta ya kwanza ya elektroni kuendesha programu iliyowekwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa bomba la kioo mfano wa lile la televisheni za zamani, na juu ya uso wake alama za umeme zilipangwa katika mistari 32, na kila mstari ulikuwa na biti 32. Jumla yake ni biti 1,024, ambazo kwa hesabu ya leo ni baiti 128. Kwa kuwa herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja, kumbukumbu nzima ya mashine ile isingetosha kuweka hata sentensi mbili za kwanza za insha hii. Hata hivyo hakuna aliyelalamika, maana kompyuta za siku zile zilikuwa watumwa wa hesabu. Zilipewa tarakimu, zikarudisha tarakimu. Maneno yalikuwa ya wanadamu.

Miaka ilipita, kumbukumbu zikaongezeka, na watu wakaanza kuitumia mashine kwa kazi za kila namna. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha ya Fortran, iliyotungwa na John Backus na wenzake. Lugha hiyo iliwaondolea wahandisi taabu kubwa, lakini ilikuwa na sharti moja: mwandishi wa programu alipaswa kutaja mapema, kabla kazi haijaanza, ukubwa wa kila kitu atakachokihitaji. Fikiri juu ya mwenye arusi aambiwaye apike chakula chote jana, naye hajui wageni watakuwa 50 au 500. Akipika kidogo ataaibika. Akipika kingi kitatupwa. Kwa hesabu za wahandisi sharti hilo lilivumilika, kwa sababu ukubwa wa jedwali la tarakimu hujulikana. Lakini nani awezaye kujua kabla ya wakati kwamba mtu atakayeandika barua ataandika maneno mangapi, na kila neno litakuwa na herufi ngapi?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka kwa John McCarthy, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT. Mwaka 1960 alichapisha makala juu ya lugha yake iliyoitwa Lisp. Katika lugha hiyo sehemu tupu za kumbukumbu zilifungwa pamoja katika orodha moja, kama visanduku vilivyofungwa mnyororo. Programu ilipohitaji kisanduku ilichukua kile cha mbele. Orodha ilipokwisha, kazi ilisimama kidogo. Mashine ikapita pote ikitia alama visanduku vilivyokuwa vingali vinatumika, kisha vile visivyo na alama ikavirudisha katika orodha. Kazi hiyo ikaitwa ukusanyaji wa taka, na jina hilo limebaki hata leo. Hapa, msomaji, kumbukumbu ilipata desturi ya kukopesha na kudai: anayehitaji apewe, na kisichohitajiwa tena kirudi.

Lakini visanduku vya Lisp vilikuwa vya ukubwa mmoja, na maneno hayako hivyo. Neno «ua» lina herufi mbili, na neno «wanaotuhurumia» lina herufi kumi na nne. Ukigawa kumbukumbu kwa vipande visivyolingana hutokea tatizo jingine, nami nitalieleza kwa mfano. Chukua benchi refu lenye nafasi za watu 20. Watu huketi na kuondoka kila mmoja kwa wakati wake. Baada ya muda kuna nafasi tupu nane, lakini zimetawanyika moja hapa na moja pale. Sasa inaingia familia ya watu watatu wanaotaka kuketi pamoja. Nafasi zipo nane, nao ni watatu, walakini hawana pa kuketi! Ndivyo kumbukumbu inavyomeguka. Mashine husema haina nafasi, ilhali nafasi imejaa tele, ila ni makombo matupu.

Kulitafutwa dawa za namna nyingi. Mojawapo ilichapishwa mwaka 1967 na Douglas Ross wa MIT. Yeye alieleza mpango wa kuigawa kumbukumbu katika kanda, kila ukanda ukiwa na desturi yake ya kutoa na kupokea nafasi, ili vitu vya jamii moja vikae pamoja na visichanganyike na vya jamii nyingine. Wazo hilo ni la kawaida kwa mama yeyote wa nyumbani: nafaka haziwekwi chungu kimoja na chumvi. Hata hivyo wazo la kawaida laweza kungoja muda mrefu kabla mtu hajalitia katika kazi yake.

Mwaka 1972, katika maabara ya Bell huko Marekani, Dennis Ritchie alikuwa akiijenga lugha ya C, ambayo hata leo ndiyo iliyoandikiwa sehemu kubwa ya programu za ndani za kompyuta na simu. Lugha hiyo ilimpa mwandishi uhuru mkubwa na mzigo mkubwa pamoja. Katika C mfuatano wa herufi hauna daftari la urefu wake. Huendelea tu mpaka inapokutwa baiti yenye thamani ya sifuri, ambayo ndiyo nukta yake ya mwisho. Na anayetaka nafasi ya kuweka neno humwomba mgawaji wa kumbukumbu, akapewa. Akimaliza ni wajibu wake kuirudisha. Hakuna mkusanya taka wa kupita nyuma yake. Asiporudisha, nafasi hiyo hupotea mpaka programu izimwe. Akirudisha mara mbili, daftari za mgawaji huharibika. Na akirudisha kisha akaendelea kuitumia, atakuta neno lake limegeuka kuwa neno la mtu mwingine.

Tena uhuru huo una gharama isiyoonekana. Mgawaji wa kawaida, kila atoapo kipande, hana budi kuandika pembeni ukubwa wa kipande kile, na hutoa vipande kwa vipimo maalumu. Katika maktaba ya C ya GNU, itumikayo sana katika mifumo ya Linux ya biti 64, kipande kidogo kabisa kinachotolewa huchukua baiti 32. Basi ukitaka kuweka neno «chai», ambalo pamoja na sifuri yake ya mwisho ni baiti tano, utatwaa baiti 32. Weka maneno 1,000 ya namna hiyo, kila moja katika kipande chake: utatumia baiti 32,000 kuhifadhi mzigo wa baiti 5,000. Hii ni sawa na kumpangisha kila mwanafunzi wa shule ya bweni nyumba yenye vyumba sita.

Ritchie na mwenziwe Brian Kernighan walijua jambo hili. Katika kitabu chao cha kufundishia C, kilichotoka mwaka 1978, walionyesha mgawaji mdogo sana. Yeye alikuwa na safu moja kubwa ya herufi na kielekezi kimoja kilichoonyesha mahali pa kwanza palipo tupu. Aliyetaka nafasi alipewa kutoka pale, na kielekezi kikasogezwa mbele. Kurudisha kulikuwa na sharti: aliyetwaa mwisho ndiye arudishe kwanza, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mfano huu ulikuwa wa darasani tu, lakini ndani yake mlikuwa na mbegu ya ghala letu.

Mbegu hiyo ilimea vizuri mikononi mwa mtu mwingine, naye ni Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Huyu tangu mwaka 1968 alikuwa akitoa vitabu vikubwa juu ya usanii wa kuandika programu. Mwaka 1977 wapiga chapa walimletea karatasi za kusahihisha za toleo jipya la kimojawapo. Zamani vitabu vyake vilipigwa chapa kwa herufi za risasi, na kurasa zake zilipendeza. Sasa mtambo ulikuwa umebadilishwa, na Knuth alipoziona kurasa zile hakuridhika nazo hata kidogo. Badala ya kunung'unika, aliamua kuandika programu itakayopanga herufi kwa uzuri anaoutaka. Alidhani itakuwa kazi fupi, ikamchukua miaka mingi. Programu hiyo huitwa TeX, na mpaka leo wanahisabati na wanasayansi wa dunia huitumia kupanga makala zao.

Toleo la TeX lililotoka mwaka 1982 aliliandika kwa njia iliyofuata lugha ya Pascal, ili liweze kuhamishwa katika mashine za kila aina. Hapo alikutana na ukuta. Pascal ya siku zile haikuwa na njia nzuri ya kushughulikia maneno ya urefu mbalimbali. Nayo TeX ilikuwa na maneno kila upande: majina ya amri, majina ya faili, na maelezo ya makosa. Knuth akajenga ghala lake mwenyewe. Nitakueleza lilivyo, nawe chukua kalamu ufuatane nami.

Ghala lina safu mbili. Ya kwanza ni ndefu, nayo hushika herufi zote za maneno yote, zikifuatana bila pengo wala alama ya kutenga. Ya pili ni fupi, nayo ni daftari: huandika mahali kila neno linapoanzia. Tuseme tunataka kuweka maneno «chai», «sukari» na «maziwa». Katika safu ya kwanza tutaona «chaisukarimaziwa». Tukianza kuhesabu kwa sifuri, «chai» inaanzia mahali pa 0, «sukari» pa 4, «maziwa» pa 10, na mahali pa kwanza palipo tupu ni 16. Basi daftari letu litakuwa na nambari 0, 4, 10 na 16. Sasa nikikuuliza, «sukari» ina herufi ngapi? Huna haja ya kuzihesabu moja moja. Toa 4 katika 10, utapata 6. Urefu wa kila neno hupatikana kwa kutoa mwanzo wake katika mwanzo wa neno lifuatalo. Hakuna baiti iliyopotea bure kati ya maneno.

Faida haiishii hapo. Katika programu yote neno halitajwi tena kwa herufi zake bali kwa nambari yake: «chai» ni neno la 0, «sukari» ni la 1, «maziwa» ni la 2. Jina la amri likitokea mara elfu katika kitabu, herufi zake huwekwa ghalani mara moja tu, na hizo mara elfu nyingine ni nambari yake tu inayotajwa. Kuuliza kama majina mawili ni sawa kumekuwa ni kulinganisha nambari mbili, wala si kupitia herufi moja moja. Kufuta nako kuna sheria: neno la mwisho tu ndilo linaloweza kuondolewa, kwa kurudisha kielekezi nyuma. Aliye katikati haondoki.

Hata maneno ambayo Knuth mwenyewe aliyaandika ndani ya programu, kama vile maelezo ya makosa, yalikusanywa katika faili la peke yake, ambalo TeX hulisoma inapotayarishwa. Mwishoni mwa faili hilo huandikwa nambari ya uhakikisho yenye tarakimu tisa. Nambari hiyo isipolingana na ile iliyomo katika programu, TeX hukataa kuendelea, maana daftari na ghala haviafikiani. Na ghala likijaa, programu haijifanyi kuwa mambo ni sawa, wala haimwagi herufi juu ya mali ya jirani. Husimama, ikaeleza kwamba nafasi yake imekwisha, na ikaomba radhi. Mwaka 1986 Knuth alichapisha programu yote, mstari kwa mstari, katika kitabu, ili kila mtu aone jinsi ghala lilivyojengwa.

Sasa tutazame jambo la pili, ambalo ni wakati. Ghala la TeX lilihusu nafasi; wengine walitazama umri. Mwaka 1990 David Hanson wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa makala juu ya kugawa kumbukumbu kwa kufuata maisha ya vitu. Yeye na Christopher Fraser walikuwa wakiandika programu ya kutafsiri lugha ya C kuwa lugha ya mashine. Hanson aliona kwamba vitu vingi ndani ya programu hiyo huzaliwa kwa nyakati mbalimbali, lakini hufa pamoja. Vyote vilivyohitajiwa kwa kutafsiri fungu moja la programu havihitajiwi tena fungu hilo likiisha. Kwa nini basi kila kimoja kizikwe peke yake? Akaviweka vyote katika uwanja mmoja, na kazi ilipokwisha akauondoa uwanja mzima kwa tendo moja. Majina yaliyotakiwa kudumu yaliwekwa katika uwanja wa kudumu, tena kila jina mara moja tu.

Miaka michache baadaye wazo hili lilitoka vyuoni likaingia barabarani. Mwaka 1995 kikundi cha watu waliojitolea, wakiwa wametawanyika na kuwasiliana kwa barua za intaneti, walianza kutengeneza seva iitwayo Apache. Seva ni programu ya kompyuta inayopokea maombi ya wasomaji wa tovuti na kuwapelekea kurasa. Waliijenga juu ya programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, kisha mmoja wao, Robert Thau, akabuni umbo jipya la ndani, na mojawapo ya nguzo za umbo hilo ilikuwa ugawaji wa kumbukumbu kwa maghala. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 1995, na kabla ya mwaka kupita Apache ikawa seva iliyotumika kuliko zote katika intaneti.

Ili uone kwa nini ghala lilifaa hapo, tuseme seva inasahau kurudisha baiti 100 tu kwa kila ombi. Baiti 100 si kitu; ni pungufu kuliko mistari miwili ya maandishi haya. Lakini ikipokea maombi 1,000,000, itakuwa imepoteza baiti 100,000,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa haba na haba hukausha mtungi. Na seva haizimwi jioni kama taa ya chumbani. Hutakiwa kufanya kazi kwa miezi. Dawa ya Apache ilikuwa hii: ombi linapoingia hufunguliwa ghala lake. Anwani ya ukurasa, jina la faili, maneno ya kichwa cha jibu, yote hukatwa na kuungwa ndani ya ghala hilo. Jibu likiisha kupelekwa, ghala lote husafishwa kwa mara moja, hata faili zilizofunguliwa kwa ajili ya ombi lile hufungwa. Mwandishi anayeongeza kipande cha programu hana haja ya kukumbuka kila neno aliloliweka. Wajibu wa kusahau umepewa mwenye kumbukumbu nzuri zaidi.

Walakini, msomaji, nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningekusifia ghala na kukuficha hatari zake. Ya kwanza ni hii: ghala halifi mpaka mwenyeji wake wa mwisho awe tayari kuondoka. Ukiweka neno la dakika moja katika ghala la mwaka mmoja, litakaa mwaka. Ya pili ni kinyume chake: ukiweka neno la kudumu katika ghala la muda, siku moja utalifuata ukute mahali pake pamelimwa na kupandwa kitu kingine. Ya tatu ni kwamba ghala la faragha huweza kuwafungia nje walinzi wa mji.

Hatari hii ya tatu ilionekana mwezi wa Aprili 2014. Programu iitwayo OpenSSL, inayotumiwa na seva nyingi kulinda siri za wateja, iligunduliwa kuwa na kosa lililopewa jina la Heartbleed. Kosa lenyewe lilikuwamo tangu toleo lililotolewa Machi 2012. Kompyuta mbili zilizokuwa zikizungumza ziliweza kujuliana hali: moja ilipeleka neno na kutaja urefu wake, na ya pili ililirudisha neno lile lile. Lakini ya pili haikuhakikisha kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu mwovu aliweza kupeleka herufi moja na kudai kwamba ni zaidi ya 60,000. Seva, kwa utii wa kijinga, ilimrudishia herufi yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu: pengine neno la siri, pengine ufunguo wenyewe wa seva. Idara ya kodi ya Kanada ilitangaza kwamba nambari za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilichukuliwa kwa njia hiyo.

Kosa kubwa lilikuwa kutopima urefu, nalo lingekuwa kosa hata bila ghala. Lakini OpenSSL ilikuwa na desturi ya kushika yenyewe vipande vilivyokwisha kutumika, ikavitoa tena bila kumrudishia mgawaji wa mfumo. Ilifanya hivyo ili kuongeza mwendo. Katika mifumo mingine mgawaji alikuwa na ulinzi wake, kama vile kufunga au kuchafua kumbukumbu iliyorudishwa ili mzembe akamatwe mapema. Lakini ulinzi huo haukuweza kufanya kazi juu ya vipande asivyorudishiwa. Ghala lilikuwapo, na wepesi ulikuwapo, lakini daftari la urefu halikusomwa. Linganisha jambo hili na ghala la Knuth, ambamo urefu wa neno haukuulizwa kwa mgeni, bali ulipatikana kwa kutoa nambari mbili zilizoandikwa na mwenye ghala mwenyewe.

Sasa tumefika mwisho wa safari yetu. Tulianza na mashine yenye baiti 128. Simu iliyo mfukoni mwa mtu wa leo huhesabu kumbukumbu yake kwa mabilioni ya baiti. Pengine utasema kwamba kwa utajiri huo hakuna haja tena ya kubana maneno. Lakini jiangalie wewe mwenyewe: kadiri nyumba inavyopanuka ndivyo vitu vinavyoongezeka. Maneno yanayopita katika seva moja kwa siku moja leo yangezama kabisa mashine za mwaka 1960. Na siku hizi haja si nafasi peke yake. Nambari za wale watu wa Kanada hazikupotea kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ndogo, bali kwa sababu hapakuwa na aliyeuliza: neno hili ni la nani, lina urefu gani, na litaondoka lini?

Maswali hayo matatu ndiyo urithi wa historia hii. Knuth aliuliza la urefu akaandika daftari. Hanson aliuliza la umri akaweka pamoja vitakavyoondoka pamoja. Thau aliuliza la mwenyewe akampa kila mgeni ghala lake. Hakuna hata mmoja aliyehitaji mashine kubwa kuliko ya mwenziwe. Walihitaji kufikiri kabla ya kuweka.

Basi, msomaji wangu, jioni ya leo utakapoandika jina lako katika simu ya nyumbani, kumbuka kwamba herufi zake zinatafutiwa makao wakati huo huo, na kwamba mtu fulani, ambaye hutamwona kamwe, aliamua zamani zitakaa wapi na zitaondoka lini. Huenda siku moja mtu huyo akawa wewe. Ikiwa hivyo, chora kwanza daftari lako kwenye karatasi, uandike «chai», «sukari» na «maziwa», na uhakikishe hesabu zako zinalingana kabla hujafungua mlango wa ghala.